Chaja ya nje yenye ampea nyingi kwa pikipiki ya umeme ya volti 72: nichague ipi?

Msamvu hadi Kihonda

Wakuu, salaam.

Ninaendesha pikipiki ya umeme ya biashara hapa Morogoro. Ni mali yangu mwenyewe, wala si ya mfumo wa kubadilishana betri kituoni. Betri imeandikwa 72V 40Ah, na chaja iliyokuja nayo imeandikwa 84V 8A. Pikipiki yenyewe sina malalamiko nayo hata kidogo. Kinachonirudisha nyuma ni muda. Betri ikiisha saa saba mchana, nikaipeleka nyumbani Kihonda na kuichomeka, inajaa karibu na saa moja jioni, na kufikia hapo abiria wa jioni wanaoshuka stendi ya Msamvu wamekwisha kubebwa na wenzangu wa petroli.

Kuna duka Kariakoo linalouza chaja ambazo si za kampuni iliyotengeneza pikipiki. Muuzaji amenionyesha mbili. Ya kwanza imeandikwa "Lithium 72V 20A" na chini yake, kwa maandishi madogo, 84V. Ya pili imeandikwa "LiFePO4 72V 20A" na chini yake 87.6V. Bei zinakaribiana, naye anasisitiza nichukue ya pili kwa madai kwamba inajaza zaidi. Fundi wa kijiweni kwetu anasema zote ni sawa maadamu zimeandikwa 72, na kwamba BMS, ile kadi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, itazuia chochote kisichofaa. Mwenzangu mwingine anashauri niachane nazo zote, ninunue chaja ya pili ya ampea 8 kama niliyonayo, kisha nizichomeke mbili kwa pamoja.

Naomba mwenye ujuzi anieleze nichague njia ipi, kama ampea 20 ni nyingi mno kwa betri ya 40Ah, na kama tundu la kuchajia lililopo kwenye pikipiki, ile plagi ya chuma ya duara yenye pini tatu na pete ya kukaza, litahimili mzigo huo.

Fundi Saketi

Ndugu, kabla hatujafika kwenye ampea tuanze na volti. Ampea zikizidi huichosha betri kidogo kidogo, lakini volti isiyo yake huiharibu kwa muda mfupi. Maandishi ya "72V" juu ya boksi hayakuambii karibu chochote, kwa kuwa hilo ni jina la kundi tu. Kinachotakiwa kulingana ni volti ya mwisho, ile ambayo chaja ikiifikia haipandi tena, nayo inategemea mambo mawili: idadi ya seli zilizounganishwa kwa mfululizo ndani ya betri, na kemia ya seli hizo.

Betri ya seli 20 za NMC, yaani zile za nikeli, manganizi na kobalti, hujaa kwenye volti 4.2 kwa kila seli, jumla 84. Betri ya LiFePO4, ambayo mafundi wengi tunaiita LFP, hujaa kwenye 3.65 kwa kila seli. Kwa hiyo yenye seli 24 inamalizia kwenye 87.6, na yenye seli 23 inamalizia kwenye 83.95, ambayo watengenezaji huiandika 84. Hata betri sita za asidi za volti 12 zikiungwa pamoja huitwa 72V, na chaja yake hupanda hadi 88 hivi. Ndiyo maana dukani utakuta chaja tatu zenye jina moja zikiwa zimepishana kwa volti nne, na muuzaji asiyepima kwa mita hawezi kuona tofauti.

Kwa upande wako jambo kubwa limekwisha kujulikana: chaja iliyokuja na pikipiki inamalizia 84, basi na ya nje imalizie 84. Ile ya 87.6 iache dukani, iwe betri yako ni ya kemia yoyote ile.

Hilo la kusema BMS itazuia naliona linarudiwa sana vijiweni, nalo lina nusu ya ukweli. BMS hukata mkondo pale seli moja inapovuka mpaka wake. Lakini hiyo ni ngome ya mwisho, imewekwa kwa ajili ya siku chaja itakapoharibika, si kwa ajili ya kufanya kazi ya chaja kila siku. Ni sawa na kusimamisha gari kila jioni kwa kuligonga ukutani kwa sababu ukuta ni imara. Swichi za MOSFET zinazokata mkondo ndani ya kadi ile zikiungua, mara nyingi hukwama zikiwa zimeunganisha, sio zikiwa zimekata. Siku hiyo ikifika, ukiwa na chaja ya 84 hutaona tofauti yoyote, kwa kuwa chaja yenyewe itasimama mahali pake. Ukiwa na ya 87.6, hakuna kitakachoisimamisha.

Kuhusu ampea, kanuni ya kawaida kwa seli za aina hizi ni kuchaji kwa nusu ya ujazo wake au chini ya hapo. Kwa 40Ah, nusu ni ampea 20. Kwa hesabu ya seli peke yake, basi, 20 iko kwenye ukingo unaokubalika. Lakini seli si kitu pekee kilicho katika njia ya umeme. Kuna BMS yenye kikomo chake cha kuchaji, kuna waya, na kuna hiyo plagi ya duara. Plagi nyingi za umbo hilo zenye pini tatu zimetengenezwa kwa ampea 10 hivi kwa kila pini au pungufu ya hapo, na nadhani ndiyo sababu mtengenezaji alikupa chaja ya 8. Ukipitisha 20 humo, pini zitapata moto, plastiki inayozishika italainika, na siku moja pini ya chanya itaegemea ya hasi.

Nifanyie vipimo viwili. Soma kibandiko cha betri uone kikomo cha ampea za kuchaji. Kisha chaji hadi taa iwe ya kijani, chomoa, soma volti, iache betri usiku kucha bila kuitumia, usome tena asubuhi. Ikiwa ni NMC itabaki juu, kwenye 82 au 83. Ikiwa ni LFP ya seli 23 itateremka yenyewe hadi kwenye 77 au 78, na hilo si ugonjwa, ndiyo tabia ya kemia hiyo. Kama dashibodi yako inaonyesha volti badala ya asilimia, inatosha. Usichokonoe pini za tundu kwa ncha za mita huku umeinama gizani. Ncha moja ikigusa pini mbili kwa pamoja, betri ya ukubwa huo itaiyeyusha mbele ya macho yako.

Upepo wa Likoni

Nachangia kutoka Mombasa. Ndugu yetu amesema betri ni yake mwenyewe, na hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu wengi watakaosoma hapa hawako katika hali hiyo. Huku Kenya, kama ilivyo Rwanda, kampuni kama Ampersand zimejenga kazi yao juu ya kubadilishana betri: mwendeshaji anamiliki pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni, naye analipia umeme anaoutumia. Betri za namna hiyo huzungumza na kituo kwa waya wa data, na kuichaji nyumbani kwa chaja ya dukani ni kuharibu mali ya mwenye betri, mbali na hatari yenyewe. Anayetumia betri ya kukodi, mjadala huu haumhusu.

Hata kwa betri ya kununua, naomba uichunguze ile pini ya tatu. Katika pikipiki kadhaa pini hiyo hubeba mawasiliano kati ya chaja na BMS: betri inaieleza chaja joto lake na ampea inazoweza kupokea, na chaja inatii. Ukileta chaja ya nje isiyojua lugha hiyo, mojawapo ya mambo mawili hutokea. Ama BMS inakataa kufungua njia na hakuna kinachoingia, ama inakubali lakini chaja haisikii betri inapolalamika kuwa ina joto. La kwanza linaudhi tu, la pili ndilo baya.

Na kuna plagi moja ambayo ningependa ipigwe marufuku duniani kote. Baadhi ya pikipiki na baiskeli za umeme kutoka China zina tundu la kuchajia lenye umbo lile lile la waya wa kompyuta ya mezani. Maana yake ni kwamba mtoto, au mgeni, au wewe mwenyewe ukiwa na usingizi, unaweza kuchukua waya wa kompyuta uliochomekwa ukutani na kuuingiza moja kwa moja kwenye betri. Volti 240 za mkondo geu zikiingia kwenye betri ya volti 72, kitakachofuata hakihitaji maelezo. Isitoshe, chanya na hasi katika matundu hayo hazikai upande mmoja kwa watengenezaji wote, hivyo hata chaja halali inaweza kuwa imegeuzwa. Mwenye tundu la namna hiyo na alibadilishe kabla hajafikiria chaja nyingine.

Dada Nyaya

Mmezungumzia upande wa betri, nami nizungumzie upande wa ukuta, kwa kuwa kazi yangu ni kufunga umeme majumbani na ndiko ninakokuta masoketi yaliyoungua.

Chaja ya 84V 20A inatoa wati 1,680. Ukiongeza kinachopotea kama joto, inavuta ukutani karibu wati 1,850. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 8, na mtu ataniambia soketi ni ya 13, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ni ya chaja nzuri, iliyo na saketi ya kurekebisha namna inavyovuta umeme. Chaja za bei rahisi hazina saketi hiyo. Huvuta mkondo kwa vipande vipande vikali, na ampea halisi zinazopita kwenye waya zinaweza kufika 12 au zaidi kwa wati zile zile. Na umeme ukipungua jioni hadi 200, chaja haipunguzi kazi, bali inaongeza ampea ili ipate wati zake.

Ampea 12 kwa saa mbili mfululizo si sawa na ampea 12 za birika linalochemka dakika nne. Plagi yenye fyuzi ya 13 inapata joto, springi za soketi iliyochoka zinalegea, ukinzani unaongezeka, joto linaongezeka tena. Ukikuta uso wa soketi umekuwa na rangi ya chai kuzunguka tundu moja, hapo moto umeshajitambulisha. Waya wa ekstensheni ndio kabisa. Zinauzwa zikiwa zimeandikwa 13A, ukikata ganda ndani unakuta nyuzi chache nyembamba kama za redio. Kwa kazi hii nataka waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye sakiti breka yake yenyewe hadi kwenye soketi ya barazani, na ikiwa lazima utumie ekstensheni, ikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa, joto linajifungia ndani.

Ati, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, pia msiisahau. Chaja hizi zina bodi ya aluminiamu, na nyumba nyingi ninazoingia zina soketi za pini tatu ambazo ile ya ati haijaungwa na kitu chochote. Hitilafu ndogo ndani ya chaja, bodi nzima inakuwa na umeme, nawe unaishika ukiwa umetoka kuosha pikipiki.

Jambo la pembeni, ila linagusa mfuko. Betri ya 72V 40Ah ikichajiwa kutoka sifuri hadi kujaa inakula zaidi ya uniti tatu za LUKU. Ukifanya hivyo kila siku ya kazi, kwa mwezi unavuka uniti 75, na huo ndio mpaka wa daraja la wateja wadogo wanaopata bei nafuu. Ukichaji mara mbili kwa siku, utavuka kabla mwezi haujafika katikati. Hesabu yako ya faida iweke kwa bei ya daraja la kawaida.

Msamvu hadi Kihonda

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya mlivyonielekeza na haya ndiyo majibu.

Baada ya taa kuwa ya kijani dashibodi ilisoma 83.7. Asubuhi ilisoma 77.5. Kibandiko cha betri kimeandika kikomo cha kuchaji ni 20A. Nimefungua kifuniko cha nje cha tundu la kuchajia, betri sijaigusa: pini mbili zina waya, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, na ya tatu haina kitu.

Nilimpigia muuzaji simu nikamweleza kwamba betri ni LFP. Akacheka, akasema, "Si nilikwambia uchukue ile iliyoandikwa LiFePO4?" Hapo kidogo amenichanganya, kwa sababu maandishi yanaonekana kumpa haki.

Swali jingine: jirani yangu, fundi wa pikipiki, anasema hakuna haja ya kuhangaika na tundu dogo. Anataka kuunga chaja mpya kwenye waya mnene unaotoka betrini kwenda kwenye kontrola ya mota, kwa hoja kwamba waya ule unabeba ampea nyingi zaidi na hautapata moto.

Fundi Saketi

Muuzaji ameipata kemia na kukosa idadi. Kushuka kutoka 83.7 hadi 77.5 kunaonyesha LFP ya seli 23, gawanya 77.5 kwa 23 unapata 3.37, na hapo ndipo seli ya LFP iliyojaa hupumzika. Sasa chukua 87.6 ugawanye kwa 23. Unapata 3.81 kwa kila seli, wakati mwisho wake ni 3.65. Chaja ile imetengenezwa kwa betri yenye seli moja zaidi ya yako. Ni ya kemia sahihi na bado si ya betri yako. Ile iliyoandikwa "Lithium", ambayo pengine aliyeichapa alifikiria NMC, ndiyo inayokufaa kwa sababu inamalizia 84. Usiichukue kwa kuamini kibandiko. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako na apime. Zingatia kwamba baadhi ya chaja hazitoi volti yoyote mpaka zihisi betri, kwa hiyo ukisoma sifuri usidhani ni mbovu, omba ipimwe ikiwa na betri ya majaribio.

Sasa jirani yako. Wazo la waya mnene lina mantiki ya fundi wa petroli, na ninaelewa linakotoka, lakini linaweza kuwa kosa kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa. BMS zipo za namna mbili. Kuna zile ambazo kuchaji na kutumia hupitia njia moja, na kuna zile zenye njia mbili, ambapo hasi ya kuchajia hutoka kwenye alama ya C- na hasi ya kutumia hutoka kwenye P-. Katika aina ya pili, ulinzi wa kujaza kupita kiasi umewekwa kwenye C- peke yake. Ukiunga chaja kwenye waya wa kontrola, umeizunguka ngome yote: seli moja ikivuka 3.65, ikafika 3.8, ikafika 4, hakuna kitakachokata, kwa sababu kadi haina swichi ya kuzuia chaji upande huo. Na huwezi kujua BMS yako ni ya aina gani kwa kuitazama pikipiki kwa nje. Mpaka betri ifunguliwe na mtu anayejua anachokitazama, chukulia kwamba ni ya njia mbili.

Njia salama ni kubadilisha tundu lenyewe na waya wake, kutoka pale waya wa kuchajia unapotokea kwenye betri hadi nje. Weka konekta ya Anderson ya ampea 50, waya wa milimita za mraba 4 au 6, na fyuzi karibu kabisa na chanya ya betri. Fyuzi iwe ya mkondo mnyoofu (DC) na iandikwe volti zinazozidi 84. Sakiti breka ya nyumbani haifai hapo, kwani imetengenezwa kwa mkondo geu (AC). Mkondo mnyoofu ukikatika unaacha cheche inayoendelea kuwaka kati ya ncha mbili. Ikiwa waranti ya betri bado iko hai, muulize kwanza aliyekuuzia pikipiki kama kazi hiyo inaifuta.

Lakini kabla hujatumia fedha, hebu tuhesabu unachokitafuta. Wewe hutaki betri ijae mchana, unataka urudi barabarani. Kutoka asilimia 20 hadi 80 ni 24Ah. Kwa chaja yako ya sasa hizo ni saa 3. Kwa ampea 15 ni saa 1 na dakika 36. Kwa ampea 20 ni saa 1 na dakika 12. Tofauti kati ya 15 na 20 ni dakika 24, nazo unazilipia kwa kukaa kwenye kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa soketi inayochemka kama alivyoeleza Dada Nyaya, na kwa betri inayochajiwa ikiwa bado ina joto la barabara la saa saba mchana. Seli nyingi haziruhusiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi joto 45, na betri iliyokaa chini ya kiti juani Morogoro haiko mbali na hapo. Mimi ningenunua ya 84V 15A, au ya 20 yenye kitufe cha kupunguza, nikaiweka kwenye 15, na ningeiacha pikipiki kivulini nusu saa ndipo nichomeke.

Chaja ya 8 usiiuze. BMS nyingi husawazisha seli kwa mkondo mdogo sana, makumi ya miliampea tu, na hufanya hivyo pale betri inapokaribia kujaa. Anayechaji haraka hadi asilimia 80 kila siku na kuchomoa, seli zake hazipati nafasi ya kulingana, na baada ya miezi moja inatangulia kujaa na nyingine inatangulia kuisha. Chaja ndogo ya usiku ndiyo inayozirudisha kwenye mstari. Iache mpaka taa iwe ya kijani, na uiache saa moja zaidi.

Mbali na Nyumbani

Niko New York, ambako wanaopeleka vyakula kwa baiskeli za umeme ni maelfu. Nitasema machache. Mwaka 2023 idara ya zimamoto ya jiji hili ilihesabu mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Betri nyingi za huku ni za kemia iliyo kali kuliko LFP, kwa hiyo sisemi hali yenu ni ile ile. Ila moja ya maonyo ambayo zimamoto wanayarudia ni hili hili la kutumia chaja ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya betri husika, na jingine ni kuchaji kwenye njia ya kutokea. Katika vyumba vya kupanga, pikipiki huwekwa ukumbini karibu na mlango kwa kuogopa wezi, na ndiyo njia pekee ya familia kutoka. Chaji barazani, au mahali ambapo moto ukizuka hautakuwa kati yenu na mlango.

Upepo wa Likoni

Wazo la chaja mbili kwa pamoja limesahaulika na ningependa lisizikwe, kwa sababu si la kijinga. Zero Motorcycles wa California kwa miaka waliuza chaja ya ziada iliyochomekwa sambamba na ile iliyomo ndani ya pikipiki, na ampea zikajumlishwa. Chaja mbili za 84V 8A zitatoa 16, moja itafika mwisho kidogo kabla ya nyenzake, hakuna ubaya. Faida yake ni kwamba moja ikifa unabaki na nyingine, na unaweza kuzichomeka kwenye soketi mbili za saketi tofauti. Kikwazo ni kile kile: zote mbili zikipitia plagi yake ya duara, ni ampea 16 kwenye pini za 10. Tundu lazima libadilishwe kwa vyovyote, na kwa kuwa litabadilishwa, uchaguzi kati ya chaja moja ya 15 na mbili za 8 ni suala la bei na la nani ana nafasi ya kubeba nini.

Msamvu hadi Kihonda

Nimeelewa. Nitachukua ya 84V 15A baada ya kuipima dukani, na Jumamosi kuna fundi wa sola anayeaminika ambaye atabadilisha tundu na kuweka fyuzi. Soketi ya barazani nitaomba ivutiwe waya wake kutoka kwenye breka. Swali la mwisho: nichomeke ukutani kwanza au kwenye betri kwanza? Kila mtu ana jibu lake.

Fundi Saketi

Karatasi ya chaja ikisema, ifuate hiyo. Isiposema, angalia tabia ya chaja. Ile isiyotoa volti mpaka ihisi betri haina budi kuungwa kwenye betri kwanza. Ile inayotoa volti yenyewe, iwashe ukutani kwanza, subiri sekunde kadhaa kapasita zake zijae, kisha unganisha betri. Cheche itakuwa ndogo au haitakuwepo, na konekta yako itadumu. Wakati wa kuchomoa utaratibu ni mmoja kwa zote: zima swichi ya ukutani, subiri feni isimame, ndipo uvute konekta ya betri. Ukiivuta mkondo ukiwa bado unapita, cheche yake itakula shaba kila siku.

Siku ya kwanza usiiache peke yake. Baada ya dakika kumi zima, gusa konekta, gusa waya karibu na fyuzi, gusa plagi ya ukutani. Uvuguvugu ni sawa; ikiwa huwezi kuishika kwa mkono ukahesabu hadi kumi, kuna kiungo kilicholegea, kitafute kabla ya kuendelea. Rudia baada ya nusu saa. Ukipata mtu mwenye mita ya kubana inayopima mkondo mnyoofu, apime kama hiyo 15 ni 15 kweli, kisha msubiri mwisho wa chaji mwone inasimama kwenye volti ngapi. Ikipita 84 na nusu, irudishe dukani siku hiyo hiyo.